Mke wa Syombua

Mbula wa Mutie alikuwa na mwandiko mzuri, na mwandiko huo ndio uliomfikisha pabaya. Shule aliachia darasa la nane, hapa hapa kijijini kwetu Matinyani, lakini herufi zake zilisimama wima, hazikugongana, hata mwalimu mkuu aliwahi kumwomba aandike vyeti vya watoto siku ya kufunga shule. Kanisani ndiye aliyeandika majina ya wagonjwa wa kuombewa. Kwenye mwethya, yaani kundi la majirani wanaosaidiana kazi kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, ndiye aliyeweka daftari la nani amekuja na nani amejifanya mgonjwa. "Andika tu ni uvivu," wenzake walimwambia. Yeye aliandika "hakuja", akafunga daftari. Mbula hakupenda kumwaibisha mtu. Nalisema hili mapema kwa sababu watakaosikia alichofanya watafikiri alikuwa mtu mbaya, na hakuwa. Kama ningekuwa nasimulia habari za mtu mbaya ningemaliza haraka.

Kazi aliipata akiwa na miaka hamsini na mmoja, umri ambao wengi huku tumeshakubali kwamba kazi za ofisi ni za watoto wa wengine. Mjini Kitui kulikuwa na shirika dogo lililoitwa Paa Moja, vyumba viwili juu ya duka la dawa. Lilianzishwa na Tima Hemedi, mwanamke Mwislamu, mzaliwa wa hapo hapo mjini, baada ya kuchoka kuona familia zikitolewa nje na wenye nyumba, magodoro barabarani, sufuria juu ya magodoro, watoto wamekaa juu ya sufuria. Kwa miaka minne Tima alichangisha kwa marafiki, msikitini, hata makanisani, na alichopata kilitosha familia mbili tatu. Kisha wafadhili wa ng'ambo wakasikia habari zake. Wakatuma watu, wakauliza maswali siku tatu mfululizo, na mwishowe wakatoa ruzuku ya miaka miwili.

Na acheni niseme ukweli, maana kuna watu hupenda kuyacheka mashirika: ruzuku ile ilifanya kazi. Mvua za mwaka uliotangulia zilikuwa zimeangusha nyumba za udongo huku vijijini, na mzee Mulei alikuwa analala chini ya karatasi ya nailoni na wajukuu watatu. Akajengewa vyumba viwili vya matofali na bati juu. Mama mmoja mjini, mumewe alivunjika mguu kwenye mjengo, alilipiwa kodi ya miezi mitatu hadi mguu ukashika, na mpaka leo anaishi kwenye chumba kile kile na watoto wake hawakubadilisha shule. Wajane walisaidiwa kufuatilia hati za mashamba, kazi ambayo bila wakili humzeesha mtu.

Tima alihitaji mtu wa nyanjani anayejua nani ni nani, na kila aliyeulizwa alimtaja Mbula. Wakampa fulana ya kijani, mkoba wa fomu na pesa za kupanda pikipiki. Basi ungemwona asubuhi akipita sokoni na ile fulana imepigwa pasi, anasalimia watu kwa kituo, anauliza habari za paa. Mumewe, Mutie, mtu wa maneno machache, alimtania kwamba siku hizi hata kuku wa nyumbani wanamwamkia "madam". Mbula alicheka, lakini alipenda. Nani asingependa?

Masharti ya wafadhili yalikuwa mawili makubwa. La kwanza, wanakijiji watoe mkono wao: mchanga, maji, mawe, vibarua. Hilo halikuwa gumu, mwethya ulikuwepo kabla ya wafadhili kuzaliwa. La pili, nyumba isijengwe kwenye shamba lenye mgogoro. Kwa hiyo ukurasa wa tatu wa fomu uliuliza mwenye shamba ni nani, na anayejengewa ana uhusiano gani naye. Fomu yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, na Mbula ndiye aliyeijaza kwa niaba ya watu.

Sasa nifike kwa Wayua.

Wayua alikuwa jirani ya Mbula, boma kwa boma, katikati ni ua wa minyaa tu. Alikuwa na miaka arobaini na minne na watoto wawili, Ndunge wa kidato cha tatu na Mutiso wa darasa la sita. Kwao ni Makueni, kule juu Mbooni, kwenye baridi. Aliletwa Matinyani akiwa na miaka kumi na tisa, na aliyemleta, aliyemtolea mbuzi na ng'ombe, alikuwa mwanamke: mama Syombua, mjane wa mzee Nthiwa, ambaye Mungu hakumjalia mtoto. Wakamba wana ndoa hiyo tangu zamani, na mke wa namna hiyo huitwa iweto. Mwanamke asiye na mtoto huoa mke wa nyumba yake, kwa mahari kamili, ili nyumba isife. Hawalali pamoja, si mambo hayo. Watoto watakaozaliwa ni wa nyumba ile, wanaitwa kwa jina la ile nyumba, na baba aliyewazaa haulizwi wala hadai. Ndiyo maana Ndunge na Mutiso walikuwa watoto wa Nthiwa, mtu aliyekufa kabla mama yao hajafika kijijini, na hakuna aliyeona ajabu.

Hakuna aliyeona ajabu wakati ule, niseme. Siku hizi tumeokoka. Mchungaji akianza kuhubiri juu ya mila za giza, iweto haikosi kutajwa, na watu waliokula nyama ya ndoa hizo wanaitikia amina wakiangalia sakafu. Na vijana wa mjini wakisikia mwanamke kaoa mwanamke wanaelewa kitu kingine kabisa, wanacheka na kusukumana.

Syombua alikufa akiwa na miaka themanini na kitu. Wayua alimuuguza miaka mitatu, akamgeuza kitandani, akamlisha, akamzika nyuma ya nyumba karibu na mumewe. Miezi mitano baadaye ikaja mvua, ile nyumba ya udongo ikalala chini mchana kweupe, bahati watoto walikuwa shuleni. Likabaki jiko. Wayua na wanawe wakahamia jikoni, na mbuzi wawili pembeni. Na hapo ndipo Kimeu, mtoto wa ndugu yake Nthiwa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, alipoanza kupita pita pale na kupima mpaka kwa macho. Shamba lilikuwa halijaandikishwa upya tangu Nthiwa afe, na lilikuwa karibu na barabara.

Mbula alikwenda na fomu yake siku ya Jumanne. Akaingia jikoni, akainama moshi usimpate, akakaa kwenye kigoda. Wayua alikuwa anachambua ndengu.

"Jina la mwenye shamba?"

"Nthiwa. Halafu Syombua."

"Watoto?"

"Si unawajua?"

Mbula akaandika. Akafika pale pa uhusiano, na kalamu ikasimama. Alikumbuka mafunzo ya mjini, siku mtu mmoja alipotaja iweto na ukumbi mzima ukacheka, na yule kijana aliyetumwa na wafadhili akauliza mara mbili, "Mwanamke na mwanamke?" Alikumbuka mahubiri ya majuma mawili yaliyopita. Alifikiri jina la Wayua likisomwa ofisini, na watu wakitabasamu. Alifikiri fomu ikirudishwa na familia hii ikibaki jikoni na mbuzi.

"Hapa wanauliza wewe na Syombua mlikuwa nini," alisema.

Wayua hakuinua hata macho kutoka kwenye ungo. "Andika unavyojua. Si wewe ndio ulienda kwetu?"

Ni kweli, alikwenda. Mbula alikuwa bibi arusi mpya wakati ule, na Syombua alimchagua awe mmoja wa waliopeleka mbuzi Mbooni. Walipanda ile milima kwa miguu tangu barabarani, na mbuzi watatu wenye akili kuliko watu, kila kona wanataka kurudi. Wakapokelewa, mbuzi mmoja akachinjwa pale pale, ile nyama ya ntheo ambayo ikishaliwa na pande mbili msichana ameolewa, basi, hakuna barua wala pete inayoshinda hapo. Mbula alikula. Alikula vizuri, alikuwa na njaa.

Akaandika: keateka.

Yaani mtunzaji. Mtu aliyewekwa aangalie nyumba na mgonjwa. Aliona ni neno safi, lisilomdhuru mtu, neno ambalo mfadhili yeyote angelielewa. Akageuza ukurasa, akamwonyesha Wayua pa kutia sahihi, na Wayua akatia, mikono ikiwa bado na vumbi la ndengu. Hakuuliza kimeandikwa nini. Angeulizaje, na mwandishi ni Mbula?

Kosa kama hili mtu wa nje hawezi kulifanya. Mzungu angeuliza na kuandika alichoambiwa. Mtu wa Nairobi angeandika "mke" na kuweka alama ya kuuliza. Ilibidi awe mtu wa hapa, anayempenda Wayua, anayejua ndoa ile ni halali na anayeionea haya kwa wakati mmoja.

Kile ambacho Mbula hakujua, na angepaswa kujua maana kilisemwa kwenye mafunzo wakati yeye akihangaikia chai, ni kwamba orodha ya wanaojengewa hubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya chifu kwa siku kumi na nne, mwenye pingamizi aseme. Na haikuwa orodha ya majina tu. Safu ya kwanza jina, ya pili kijiji, ya tatu uhusiano na mwenye shamba. Ilipigwa chapa mjini, ikaletwa, ikabandikwa.

Siku ya tatu Ndunge alipita pale akitoka shule. Hakwenda kwao kwanza. Alikuja moja kwa moja kwa Mbula, na sare yake na begi mgongoni, akasimama langoni.

"Mama Mbula, shikamoo."

"Marahaba. Ingia."

Hakuingia. "Kwa nini umemwandika mama yangu keateka?"

Mbula alikuwa anaanika nguo. Alijibu kwamba hayo ni mambo ya ofisi, ni lugha ya fomu tu, haina maana yoyote, cha muhimu ni nyumba. Msichana akamsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Na sisi ni watoto wa keateka?"

Mbula akasema asiseme hivyo. Ndunge akaaga, akaenda. Nguo zilizobaki kwenye beseni Mbula alizianika bila kuzikamua, na aliona haya ambayo hajawahi kuyaona maishani, haya halisi, si yale ya kuogopa watu watasema nini.

Kimeu naye alikuwa ameshapita ubaoni. Alipiga picha kwa simu, akaipeleka kwa chifu na barua ya pingamizi iliyoandikwa vizuri. Ilisema yeye hamfukuzi mtu. Ilisema marehemu Syombua alimweka Wayua kama mfanyakazi, kama shirika lenyewe lilivyothibitisha kwa maandishi, na kazi ya mfanyakazi huisha. Kwa heshima ya huduma yake angempa muda hadi mwisho wa mwezi, na nauli ya kwenda kwao Mbooni.

Kwao Mbooni kulikuwa na nini? Wazazi walishakufa, kaka waligawana lile shamba la mteremko mpaka likawa vipande vya kupandia sukuma wiki. Mwanamke aliyetolewa mahari hana pa kurudi na watoto wawili wenye jina la ukoo mwingine. Kila mtu alijua. Chifu akaita kikao Alhamisi inayofuata: akiridhika kwamba Wayua ni wa nyumba ile, ataandika barua ya kumtambua yeye na watoto kama warithi, na ni kwa barua hiyo mahakama huanza mambo ya urithi. Asiporidhika, hataandika, na Kimeu atakwenda mahakamani na barua yake.

Mbula akapanda kwenda mjini kwa Tima na kumweleza yote, amesimama kama mwanafunzi. Tima alivua miwani, akaisugua na pembe ya mtandio muda mrefu.

"Ulikosea au ulidanganya?" aliuliza.

"Madam?"

"Sikiliza vizuri, Mama Mbula. Karani akikosea, tunarekebisha, tunaandika barua, yanaisha. Mfanyakazi wangu akiandika uongo akijua ni uongo, mkataba wa ruzuku unanitaka niwaambie wafadhili, na wao wanasimamisha kila kitu mpaka wakague. Nina nyumba tisa zimefika kwenye lenta, zinangoja paa. Nina familia sita hapa mjini ambazo mwezi ujao zikikosa kodi zinatolewa." Akavaa miwani. "Sikuambii useme nini. Nakuambia kilichopo."

Hakumwambia, kweli. Lakini alikuwa amemfungulia mlango, na Mbula aliuona. Angesema tu, nilidhani neno lile lina maana nyingine. Nani angembishia mwanamke wa darasa la nane juu ya Kiingereza? Njia nzima ya kurudi alijaribu kulitamka vizuri, nilikosea, nilikosea, na lilitoka laini kabisa.

Alhamisi ukumbi wa chifu ulijaa. Wayua alikaa mbele na watoto wake, amevaa rinda lake la kanisani. Kimeu alikaa upande wa pili na suti. Tima alikuja, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Chifu akaanza na mzee Ndululu, mkubwa wa ukoo, ambaye pia ni mzee wa kanisa.

"Mzee, huyu mama aliolewa katika ukoo wenu ama aliajiriwa?"

Mzee Ndululu akakohoa. Akasema mambo hayo ni ya siku nyingi. Akasema wakati ule watu walikuwa hawajapata nuru. Akasema Mungu ni wa rehema. Chifu akamuuliza tena, na mzee akazunguka tena mle mle, kama anayetafuta choo nyumba ya watu, mpaka watu wakaanza kuguna.

Kimeu akasimama. Aliongea kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko matusi. "Chifu, sisi hatuna haja ya kusumbua wazee. Karatasi iko. Imeandikwa na jirani yake mwenyewe, mtu anayemjua, mtu wa kanisa. Kama Mama Mbula alikosea, aseme alikosea, na atuambie lile neno alidhani ni nini."

Watu wote wakageuka. Mbula akainuka. Fulana ya kijani alikuwa ameivaa, hakujua kwa nini. Lile neno lake laini lilikuwa pale kwenye ulimi, tayari. Akamwangalia Wayua, na Wayua alikuwa hamwangalii, alikuwa amemshika Mutiso bega.

"Sikukosea," Mbula alisema. "Nilijua ukweli, nikaandika uongo."

Nyuma kule Tima aliinamisha kichwa.

"Kwa hivyo fomu za Paa Moja ni za uongo?" Kimeu aliuliza haraka.

"Hiyo moja ni ya uongo. Zingine nenda ukakague, hata leo." Hakuketi. "Chifu, mimi nilienda Mbooni. Mbuzi walikuwa watatu. Mmoja alichinjwa pale kwao, tukala, na wao wakala. Syombua alimwoa Wayua, na hawa watoto ni wa nyumba ya Nthiwa. Kila mama aliyekaa hapa anajua."

"Sasa kwa nini uliandika hivyo?" chifu alimuuliza.

"Niliona haya."

"Haya ya nini?"

"Ya yeye. Ya ndoa yake. Niliogopa watu wa ofisi watamcheka, nikasema wacha nimfiche."

Hapo ndipo Wayua alipogeuka na kumwangalia. Hakuwa na hasira usoni. Alimwangalia kama anayejaribu kukumbuka amewahi kumwona wapi.

Chifu akarudi kwa mzee Ndululu. "Mzee, umesikia. Ulikuwepo Mbooni ama hukuwepo?"

Mzee akasema, polepole, "Kisu kilikuwa changu."

Ikawa imekwisha. Kimeu alijaribu kusema mawili matatu juu ya sheria za kisasa, lakini wanawake wa mwethya walishaanza kusimama mmoja mmoja na kusema tulimwona akiletwa, tulimwona akizika, na chifu akavuta karatasi. Barua iliandikwa siku hiyo hiyo. Ndani yake Wayua ni mke, na Ndunge na Mutiso ni warithi.

Nje, kwenye njia ya kwenda nyumbani, Mbula alimkimbilia Wayua na kumshika mkono. Alimwomba msamaha, akilia waziwazi watu wakipita. Wayua alimwacha alie mpaka akatulia.

"Kimeu alitaka shamba," alisema. "Yeye namwelewa. Wewe ulitaka nini?"

Wayua alitoa mkono wake taratibu, akafuata watoto.

Kazi iliisha wiki hiyo. Tima alimwita, akamwambia kwa masikitiko ya kweli kwamba angependa kumbakiza lakini hawezi, na Mbula akaivua ile fulana kwenye choo cha ofisi na kuirudisha imekunjwa. Ruzuku ilisimamishwa miezi miwili na wiki moja. Nyumba tisa zilikaa bila paa, na kuta mpya mbili zilinyeshewa zikapasuka. Mjini, familia mbili kati ya zile sita zilitolewa. Moja ilirudi kwa wazazi Mutomo, nyingine sijui ilienda wapi, na Mbula mpaka leo hajui, ingawa ameulizia. Sokoni watu walimwambia usoni kwamba angefunga mdomo. Wengine walimwambia angefungua mapema. Wote walikuwa na haki. Mutie yeye alianza tu kuamka mapema na kumchotea maji, kazi ambayo hajawahi kuifanya tangu waoane.

Wafadhili walikagua, wakaandika maswali, na Tima akawajibu kwa kurasa sita, nasikia, akiwaeleza iweto ni nini na si nini. Mwishowe wakakubali kwamba nyumba ya mtu ni ile jamii yake inayoitambua, na pesa zikafunguliwa. Akatumwa msichana mpya, Nasreen, mtoto wa mjini, hajui hata njia za kijiji. Alimuuliza Wayua lile swali la ukurasa wa tatu, akajibiwa, akaandika "mke", akaendelea na swali linalofuata. Haikumchukua hata dakika moja. Mbula alihadithiwa hayo, na hiyo dakika moja ilimuuma kuliko kufutwa kazi.

Siku ya kujenga kwa Wayua, mwethya uliitwa Jumamosi asubuhi. Mbula alikwenda. Walimkaribisha kama kawaida, hakuna aliyemtenga, na daftari la majina sasa lilikuwa kwa mwingine. Alisomba mchanga kutoka mtoni, akabeba maji, akapokezana matofali na wenzake mpaka mgongo ukamkatika. Kuta zilikuwa zinapanda. Aliziangalia, na alifurahi, nataka hilo lijulikane. Alifurahi kwa moyo wote.

Saa saba Wayua akasema muthokoi, yale mahindi ya kukoboa na maharage, umeiva. Wanawake wakanawa na kuingia jikoni, kila mmoja akijipakulia, wakigombania ukoko na kusukumana kama ilivyo. Mbula akanawa, akafuata. Kwa miaka ishirini na tano alikuwa akiingia jiko lile bila kubisha hodi. Chumvi akiishiwa kwake aliichukua pale hata kama mwenyewe hayupo.

Wayua alikutana naye mlangoni. Alikuwa amebeba kiti cha plastiki. Akakiweka nje kivulini, akakipangusa kwa leso.

"Karibu ukae," alisema.

Kisha akamletea maji ya kunawa, ingawa alikuwa ameshanawa, na taulo. Akamletea chakula kwenye sahani ya udongo iliyofunikwa, na kijiko, na glasi ya maji, na kila kitu alikitoa kwa mikono miwili.

Mbula alikula peke yake, akisikia kicheko cha wenzake kutoka ndani. Alimaliza chakula chote, maana si adabu kubakiza kwa watu. Wayua akaja kuchukua sahani, akamuuliza kama ameshiba, akamshukuru kwa kuja. Na jioni, kazi ilipokwisha, alimsindikiza mpaka njiani, ingawa boma la Mbula liko hatua arobaini tu kutoka kwake, kama anavyosindikizwa mtu aliyetoka mbali.